Kuchagua Miti Inayohimili Bakteria kwa Kusoma Vinasaba: Kinachofanyika na Kisichofanyika

Neno vinasaba linapotajwa mbele ya wakulima wa Moshi na Arusha, iwe katika mkutano wa chama cha ushirika au kwenye kitalu cha miche, swali la kwanza huwa lile lile: je, hii ndiyo GMO, yaani mimea iliyoingizwa jeni ngeni maabara? Swali hilo lina msingi wake. Mwaka 2018 serikali ilisitisha majaribio ya mahindi yaliyofanyiwa uhandisi jeni huko Makutupora, Dodoma, na tangu hapo wengi wamebaki na hisia kwamba maabara na mbegu vikitajwa pamoja, kuna jambo la kutiliwa shaka. Kwa bahati mbaya hisia hiyo imefunika kazi nyingine kabisa, ambayo haiingizi kitu chochote ndani ya mmea. Ni kazi ya kusoma vinasaba vya miche michanga ili kujua ni upi uliorithi uwezo wa kuhimili ugonjwa fulani. Ninaona ni hasara kubwa mkulima akiikataa kazi hii kwa sababu tu ameambiwa jina lake na hakuelezwa inavyofanyika, kwa kuwa kwenye miti, hasa inaposhambuliwa na bakteria, njia nyingine zilizopo ni chache mno.

Tuanze na adui mwenyewe. Bakteria ni kiumbe hai cha seli moja, kidogo kiasi cha kutoonekana bila hadubini, kinachoongezeka kwa kujigawa. Walio wengi hawana madhara kwa mimea, na baadhi yao hurutubisha udongo, lakini wapo wachache wanaoweza kupenya ndani ya mmea kupitia ua, jeraha la mkasi wa kupogolea au mdomo wa mdudu. Hapo ndipo wanapotofautiana na maadui ambao wakulima wa Kilimanjaro wamewazoea. Chulebuni na kutu ya majani, magonjwa yaliyowatesa wakulima wa kahawa kwa miongo mingi, yote mawili husababishwa na kuvu, na mkulima hujikinga kwa kupulizia dawa zenye shaba, kama mrututu, kabla vimelea havijapenya kwenye majani na matunda. Shaba huua bakteria pia, lakini hukaa nje ya mmea. Bakteria akishaingia kwenye mishipa inayosafirisha maji na chakula, dawa ya kupulizia haimfikii tena, na kinachobaki ni kukata matawi, kuchoma moto au kung'oa mti mzima. Wakulima wa kahawa wa Kenya wanaufahamu ugonjwa wa namna hii, unaokausha ncha za matawi ya mkahawa na ambao umewahi kuitwa kwa majina ya Solai na Elgon, maeneo ulikoonekana.

Mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi, hata hivyo, hautoki kwenye kahawa bali kwenye mitufaha, miti izaayo yale matunda ambayo sokoni huitwa epo. Mitufaha hupatwa na ugonjwa unaofanya machipukizi na maua yaonekane kana kwamba yamebabuliwa na moto. Nitauita hapa mbabuko. Ulionekana kwanza mwishoni mwa karne ya 18 katika bonde la mto Hudson, jimbo la New York, na takriban miaka 100 baadaye Thomas Burrill, mwanabotania wa Illinois, alionyesha kwamba unasababishwa na bakteria, ambaye leo huitwa Erwinia amylovora. Wakati huo wazo la kwamba bakteria anaweza kuusababishia mmea ugonjwa, kama anavyomsababishia mnyama, lilikuwa geni kabisa. Ugonjwa ulivuka bahari ukafika New Zealand mwaka 1919 na Uingereza mwaka 1957. Nyuki wanaochavusha ndio hao hao wanaomsambaza bakteria kutoka ua hadi ua, na hali ya joto na unyevu ikikutana na msimu wa maua, mti mchanga unaweza kufa katika msimu huo huo. Wakulima wa Marekani walitegemea kupulizia streptomisini, dawa ambayo hospitalini hutibu kifua kikuu, lakini tangu miaka ya 1970 bakteria wanaoishinda dawa hiyo wamekuwa wakigunduliwa mashambani.

Ukinzani dhidi ya mbabuko upo, ila haupo pale unapotakiwa. Aina zinazopendwa na walaji duniani, kama Gala na Fuji, hushambuliwa kwa urahisi, ilhali mitufaha kadhaa yenye asili ya pori, yenye vitunda vidogo visivyofaa kuuzwa, huhimili vizuri. Mmojawapo ni mtufaha wenye asili ya Asia uitwao Robusta 5, ambao hauna uhusiano wowote na kahawa ya robusta. Kuchanganya aina hizi mbili ni jambo ambalo mkulima yeyote anaweza kulielewa: unachukua chavua ya mmoja, unaipaka kwenye ua la mwingine, unaotesha mbegu zinazopatikana. Mtoto atakayezaliwa atakuwa na nusu ya vinasaba vya pori, pamoja na udogo wa tunda na ukali wa ladha. Inabidi achanganywe tena na aina nzuri ili sehemu ya pori ishuke hadi robo kwa wastani, kisha thumuni, kisha moja ya kumi na sita, na katika kila kizazi inabidi kuhakikisha kwamba ule ukinzani haujapotea njiani pamoja na mengine yanayotupwa.

Hapa ndipo mti unapotofautiana na mahindi au maharage. Anayeboresha mahindi hupata kizazi kipya kila msimu. Mtufaha uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza, na mchungwa wa mbegu unaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo. Vizazi vinne vya mitufaha vinaweza kula miaka 25 ya maisha ya mtafiti, na muda huo wote maelfu ya miti inakalia ardhi, inapaliliwa na kumwagiliwa, ingawa mingi kati yake haina kile kinachotafutwa. Gharama ya kuboresha miti kwa sehemu kubwa ni gharama ya kutunza miti isiyo sahihi bila kujua kwamba si sahihi.

Sasa tueleze vinasaba ni nini. Ndani ya kila seli ya mti, iwe ya jani, ya mzizi au ya chavua, kuna nyuzi ndefu za DNA zilizokunjwa katika vifungu vinavyoitwa kromosomu. Mtufaha una jozi 17, na katika kila jozi kifungu kimoja kimetoka kwa mzazi mmoja na kingine kwa mwenzake. DNA imepangwa kwa mfuatano wa kemikali nne ambazo wanasayansi huziandika kama herufi. Kipande cha mfuatano huo chenye kazi maalumu, kwa mfano cha kutengeneza protini inayotambua kuingia kwa bakteria, huitwa jeni. Alama ya vinasaba ni mahali kwenye uzi huo ambapo mti mmoja hutofautiana na mwingine kwa herufi moja au zaidi, na ambapo tofauti hiyo inaweza kusomwa kwa urahisi maabara. Kwa kawaida alama haifanyi kazi yoyote. Haipigani na bakteria wala haimzuii. Thamani yake yote iko katika mahali ilipo.

Mgeni anayetafuta nyumba ya mtu katika mitaa ya Moshi kama Pasua au Majengo haelekezwi kwa namba ya nyumba. Huambiwa ashuke akiona kanisa fulani, nyumba iko jirani. Kanisa hilo si nyumba anayoitafuta, lakini kwa kuwa linaonekana kwa urahisi na halihami, humfikisha. Alama ya vinasaba humfikisha mtafiti kwenye jeni kwa namna hiyo hiyo, na udhaifu wake ni ule ule wa maelekezo ya mtaani: kanisa likiwa mbali na nyumba, mgeni atapotea. Sababu yake ni kwamba mti unapotengeneza chavua na mayai, kromosomu mbili za kila jozi hubadilishana vipande. Ikiwa alama na jeni vimekaa karibu sana, ni nadra kipande kukatika katikati yao, hivyo hurithiwa pamoja. Vikiwa mbali, mche unaweza kupata alama bila kupata jeni. Umbali huo hupimwa kwa uwezekano wa kutengana: alama iliyo umbali wa kipimo kimoja hutengana na jeni katika takriban mche mmoja kati ya 100. Ndiyo maana watafiti makini hutafuta alama mbili, moja kila upande wa jeni, ili mche uliobeba zote mbili uwe karibu hakika umebeba na kilichomo katikati.

Alama hizo hazipatikani kwa kubahatisha, na sehemu hii ya kazi ndiyo inayosahaulika zaidi katika mazungumzo. Mtafiti huanza kwa kuchanganya mzazi mkinzani na mzazi dhaifu, kisha huotesha mamia ya watoto wao. Katika kibanda kilichofungwa, jani changa la kila mche hukatwa kwa mkasi uliochovywa kwenye maji yenye bakteria wa mbabuko, na baada ya wiki chache hupimwa urefu wa sehemu ya chipukizi iliyooza. Mingine huungua hadi chini, mingine huishia kidonda kidogo. Wakati huo huo alama nyingi zilizotawanyika kwenye kromosomu zote husomwa kwa kila mche. Kisha huulizwa swali moja: ni sehemu gani ya kromosomu ambayo miche iliyohimili karibu yote imerithi kutoka kwa mzazi mkinzani, na ile iliyoungua haikurithi? Kwa Robusta 5, jibu lililotangazwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 2007 lilikuwa kromosomu ya 3. Kwa mtufaha mwingine wa pori, Malus fusca wa Amerika Kaskazini, jibu lilikuwa kromosomu ya 10. Kwa hiyo mwanzoni kabisa mti huambukizwa ugonjwa kwa makusudi na kuangaliwa kwa macho; bila kipimo hicho cha zamani, alama haina maana yoyote.

Baada ya hapo ndipo muda unapookolewa. Mbegu 1,000 zikioteshwa kutoka kwa mzazi mwenye nakala moja ya jeni, takriban nusu yake zitairithi. Kipande kidogo cha jani hukatwa mche ungali na umri wa wiki chache, husomwa maabara, na ile nusu nyingine hutolewa kitaluni kabla haijachukua hata shimo moja shambani. Miche iliyobaki husomwa tena kwa alama za sehemu nyingine za kromosomu, ili kutafuta iliyobahatika kubeba kiasi kidogo zaidi cha vinasaba vya pori, na hivyo vizazi vinavyohitajika hupungua. Mti bado utasubiri miaka yake kabla ya kuchanua, kwa maana alama haiharakishi ukuaji. Kinachoondoka ni kazi bure.

Lakini kuna faida ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko kuokoa muda. Watafiti waligundua kwamba bakteria wa mbabuko anaweza kuushinda ukinzani wa Robusta 5 kwa badiliko la herufi moja tu katika jeni yake mwenyewe, ile inayotengeneza protini ambayo mti hutumia kumtambua. Kinga inayosimama juu ya jeni moja inaweza basi kuanguka kwa ajali ndogo upande wa bakteria, na kiumbe kinachojigawa kwa kasi hivyo hakikosi ajali. Dawa ya hali hii ni kuweka jeni mbili au tatu za vyanzo mbalimbali ndani ya mti mmoja, ili bakteria alazimike kuzishinda zote kwa wakati mmoja. Hata hivyo, mti wenye jeni moja na mti wenye jeni mbili, ukiipaka bakteria wa kawaida, yote miwili husimama salama, na jicho haliwezi kuitofautisha. Alama za vinasaba zinaweza. Hapa hakuna namna nyingine ya bei nafuu ya kuthibitisha kwamba jeni zote zimekaa pamoja.

Ni lazima pia kusema wazi mahali njia hii inapokwama. Michungwa ina ugonjwa wa bakteria unaofanya majani yawe na mabaka ya njano na matunda yabaki madogo, yaliyopinda na yenye ukijani. Sura yake ya Kiafrika, iliyojulikana Afrika Kusini tangu miaka ya 1920, hupendelea nyanda za juu zenye baridi. Sura ya Asia huvumilia joto, na mdudu anayeieneza aliripotiwa hapa Tanzania mwaka 2016. Huko Florida ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 2005. Mavuno ya machungwa ya jimbo hilo, yaliyozidi makasha milioni 240 katika msimu wa 2003/04, yalishuka chini ya milioni 20 katika msimu wa 2022/23, ambao pia ulipigwa na kimbunga. Bakteria huyu huishi ndani ya mishipa ya chakula ya mti na haoteshwi maabara kwa njia za kawaida, kwa hiyo hata kupima mche upi unahimili ni kazi ya miezi mingi. Ndugu wa michungwa wanaohimili wapo, wakiwamo ndimu pori za Australia, lakini uhimilivu unaonekana kutegemea jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Katika hali hiyo alama moja au mbili hazitoshi; watafiti husoma maelfu ya alama kwa pamoja na kukadiria kwa hesabu mche upi una jumla bora. Makadirio hayo husaidia, ila hayana uhakika wa jeni moja yenye nguvu.

Ugonjwa huu wa michungwa umezaa mkanganyiko mwingine. Maabara zinapopima jani kwa DNA ili kujua kama mti umeambukizwa, zinatafuta vinasaba vya bakteria. Zinapopima jani ili kuchagua mche mkinzani, zinasoma vinasaba vya mti. Mashine inaweza kuwa ile ile, lakini majibu hayafanani hata kidogo: mche unaweza kuwa safi leo na usiwe na kinga yoyote, na mwingine ukawa na kinga huku umebeba bakteria wachache bila kuugua.

Sasa turudi kwenye swali la GMO, kwa kuwa mpaka wake unaweza kuonyeshwa kwa zao ambalo kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kinalo. Mgomba si mti kwa hesabu ya wanabotania, lakini mnyauko bakteria, ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001, ni wa jamii hii hii ya matatizo. Ukinzani wa kweli umeonekana kwa mgomba pori uitwao Musa balbisiana, ilhali migomba tunayokula mingi haitoi mbegu, jambo linalofanya kuihamisha kinga hiyo kwa kuchavusha kuwe kugumu sana. Kwa sababu hiyo watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, na wenzao wa Uganda waliingiza ndani ya migomba jeni kutoka pilipili hoho. Huo ni uhandisi jeni bila ubishi, na hapa Tanzania kazi ya namna hiyo inasimamiwa na kanuni za usalama wa bayoteknolojia za mwaka 2009. Kusoma alama hakumo humo, kwa kuwa mche uliosomwa na mche ambao haukusomwa wamezaliwa kwa chavua ile ile na ua lile lile. Zipo kazi zilizosimama katikati. Ujerumani, kwa mfano, wameingiza kwenye mitufaha jeni ya mti mwingine inayoharakisha kuchanua, wakafupisha vizazi, kisha mwishoni wakachagua kwa alama watoto ambao hawakuirithi jeni hiyo ngeni. Mkulima anayetaka kujua kazi ya namna hiyo iwekwe upande gani anauliza swali la haki, na watafiti wanapaswa kumjibu bila kumzungusha.

Kwa wakazi wa Kilimanjaro mambo haya yako karibu kuliko inavyodhaniwa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyopo Lyamungu wilayani Hai, imetoa aina za kahawa chotara zinazohimili chulebuni na kutu ya majani, kwa kuchanganya aina za zamani na vyanzo vya ukinzani kama Hibrido de Timor na Rume Sudan. Hayo ni magonjwa ya kuvu, lakini kanuni ya urithi ni moja, na mwaka 2008 zilitangazwa alama zilizo karibu na jeni ya kuhimili chulebuni inayoitwa Ck-1. Arusha nako kuna benki ya taifa ya nasaba za mimea, na kuna watafiti wa migomba wa IITA walioko katika kampasi ya Taasisi ya Nelson Mandela. Benki hiyo haizungumzwi vya kutosha. Alama haiwezi kutengeneza ukinzani ambao haupo popote, kwa hiyo mmea wa pori unaopotea leo bila kuhifadhiwa unaweza kuwa ndio uliobeba jeni itakayotafutwa baadaye.

Katika kununua miche, mambo mawili yanafuata moja kwa moja kutokana na maelezo haya. La kwanza ni kwamba kinga ya mti chotara haipiti kwa ukamilifu kwenye mbegu zake, maana nakala za jeni hugawanyika kila mbegu inapotungwa. Ndiyo sababu kahawa chotara husambazwa kwa miche ya vikonyo au ya kubebesha, na anayeokota mbegu chini ya mkahawa wa jirani na kuziotesha hana hakika ya kupata alichokiona kwa jirani. La pili ni kwamba hakuna mche unaokinza kila kitu. Mkahawa uliochaguliwa kwa ajili ya chulebuni haujachaguliwa kwa ajili ya bakteria, na mtufaha wa Robusta 5 una kinga dhidi ya aina fulani za bakteria wa mbabuko na si zote. Anayeuza mche kwa jina la ukinzani anapaswa kuweza kutaja ni ugonjwa gani, na kueleza kama ukinzani huo ulithibitishwa kwa kuupaka mche vimelea na kuupanda shambani kwa misimu kadhaa, au uliishia kwenye usomaji wa alama peke yake.